Wabichi wa Tanzuni

Saa mbili asubuhi, siku ulipoandama mwezi mpya, walinzi wote waliosimama juu ya ukuta wa nchi ya Tanzuni walikuwa wameupa mji mgongo. Hilo ndilo jambo la kwanza aliloliona Bi Raya Mwinyikai alipokwisha kupitishwa langoni. Mikuki yao ilielekea nje, macho yao yalielekea nje, hata kiti cha ofisa wao kilikuwa kimepigiliwa misumari sakafuni kisije kikageuzwa.

Yeye mwenyewe walikuwa wamemkagua tangu alfajiri. Walimtazama kucha, wakamtazama chini ya ulimi, wakamwaga mkoba wake na kuhesabu tende alizobeba, kisha wakazihesabu upya zilipopungua, maana ofisa alikuwa amekula mbili. Bi Raya hakukasirika. Alikuwa mkaguzi wa mizani mstaafu. Maisha yake yote ya kazi aliyapitisha sokoni akipima mawe ya wauza nyama na wauza karafuu, na kazi hiyo ilimwachia tabia mbili: hakuliamini jiwe kwa sababu tu limeandikwa kilo, wala hakumdhania mtu wizi kabla hajaliinua jiwe lenyewe.

"Na wenyeji mnawakagua lini?" aliuliza akifunga mkoba.

Ofisa alicheka hadi akashika mbavu. "Wenyeji? Bibi wee! Mwenyeji utamkagua nini, na mshipi wa ukili kauvaa kiunoni?"

Tanzuni ni nchi ya mlima mmoja wa duara. Kutoka kileleni hushuka mifereji mikubwa, kila mfereji hugawanyika tanzu, na kila utanzu hugawanyika tena, mpaka kwenye ncha za mwisho ambako vyumba vidogo vimekusanyika kuzunguka ua mmoja, mfano wa zabibu kwenye kikonyo chake. Kinachopita katika mifereji hiyo hakishuki, hupanda. Chochote kinachokamuliwa uani huenda juu mpaka kileleni, na huko, wasema wenyeji, kuna kinywa kidogo kinachosubiri. Bi Raya alinyonyesha watoto watatu. Hakuhitaji kuuliza amefika wapi.

Wakati ule mifereji ilikuwa mikavu. Watu walikuwa wakisubiri mbiu ya kazi.

Ili msomaji asipotee, mambo ya watu hawa yaelezwe kwa utaratibu. Wao ni safu mbili. Safu ya nje, iliyoegemea ukuta, ni ya wabanaji, watu wenye mikono minene na maneno machache, ambao kazi yao ni kuubana ua mzima ili kilichokamuliwa kisukumwe mferejini. Safu ya ndani ni ya wakamuaji, na miongoni mwao wameketi wasikizi. Wasikizi ndio wenye heshima kubwa. Mbiu hulia mbali, nje kabisa ya nchi, na sikio la mtu wa kawaida haliinasi. Msikizi huisikia, akawapasha majirani. Yeye mwenyewe hakamui, habani, wala hatoi pacha. Husikia, husema, basi.

Watanzuni hawazaliwi. Mtu huketi, huvuta pumzi ndefu, na pacha wake hutoka ubavuni, mtu mzima, mwenye sura ileile na utani uleule. Kabla pacha hajasimama, husukiwa ukili wake. Huu ni mshipi wa ukindu, mrefu mno, unaozungushwa kiunoni mara nyingi, wenye nakshi za mafunzo yote ya nchi: namna ya kukamua, namna ya kubana, lini utoe pacha na lini uache. Ukili mpya husukwa kwa kuufuata ule wa zamani, na msukaji huwa na haraka. Hapa nakshi hurukwa, pale ukindu hukatika. Ndiyo sababu kila ukoo una mshonaji wa kuzipitia kasoro na kuzitengeneza kabla mshipi haujafungwa. Ukishafungwa haufunguliwi tena. Kumfungua mtu ukili akiwa hai, nchi ile, ni kumvua heshima yake mbele za watu, na aibu hiyo haimwishi hadi anapoaga.

Kuaga nako Bi Raya alikushuhudia jioni ileile. Mkamuaji mmoja mzee, ambaye hakuwa na kazi tena, aliketi kizingitini, akaufungua mshipi wake, akaukunja vizuri. Majirani waliimba. Mzee akapungua polepole kama sabuni kwenye maji, na kilichobaki wakakigawana kwa makoleo madogo, wakakipaka mahali ukuta ulipochubuka. Hakuna aliyepiga kite. Mwimbaji mmoja alikuwa akitafuna kitu.

Asiyepewa kazi bado huitwa mbichi. Mbichi hujua kidogo ya kila jambo, naye hana alilokabidhiwa, basi husubiri, na katika kusubiri hutoa mapacha. Mbiu ikilia hutoa wengi zaidi kwa mkupuo, halafu huiva: huyu huwa mkamuaji, yule mbanaji. Aliyeiva huacha mapacha akashika kazi. Kwa kila pacha, ukili mpya, na kwa kila ukili mpya, nafasi ya kukosea. Hivyo kadiri mtu anavyokaa mbichi ndivyo mshipi wake unavyosukwa na kusukwa. Watanzuni waliijua hesabu hii, na ilikuwa sahihi. Makosa yao yalikuwa katika sheria walizozijenga juu yake.

Maana mara mojamoja ukili huharibika mahali pabaya, pale penye nakshi ya kuacha. Mwenye ukili huo hutoa pacha, na pacha hutoa pacha, na hakuna kati yao anayekumbuka kazi yake. Huujaza ua, kisha huanza kuuchimba ukuta. Wao huliita uasi. Bi Raya alilijua jina lake la kwao. Ni saratani.

Mgeni, kwa sheria, hulala kwa mshonaji, nao walimpeleka kwa Kidawa. Kidawa alikuwa mjumbe wa Baraza la Kilele, mwanamke mwembamba, msomi, asiyependa kusema jambo mara mbili. Ukoo aliouhudumia uliitwa Sindano Moja. Washonaji wengine huja na sindano mbili, ya kazi na ya akiba. Wa ukoo huu hurithi moja tu. Mishipi yao haikuwa mibovu kuliko ya wengine, ila sindano hiyo ikikatika, hakuna ya pili.

Nyumbani mwake aliishi mbichi mmoja aliyeitwa Tunu, ambaye Kidawa alimshonea mshipi siku alipotoka, na tangu siku hiyo akamlea kama mdogo wake. Tunu alikuwa amejaribu kazi zote za nchi kwa mchezo. Alibana, akaangusha rafu. Alikamua vitambaa vibichi, akasema ni mazoezi.

"Shikamoo, Bibi," alimwambia Bi Raya. "Kwenu watu wote wana makunyanzi hivi, au ni wewe tu?"

"Tunu!"

"Nimeuliza tu, dada."

"Marahaba, mwanangu," Bi Raya alimjibu. "Wote. Ila yangu ni ya serikali, nimeyapata kazini."

Tunu alicheka, akaja kukaa karibu yake, na hakubanduka hapo mpaka mlango ulipobishwa.

Aliyeingia alikuwa Mzee Sadifa, msikizi wa ua ule. Alikuwa na adabu nyingi na sikio la kushoto kubwa kidogo kuliko la kulia. Alimletea Tunu kipande cha kashata, kama alivyozoea, kisha akamgeukia Kidawa.

"Nimekuja kukwambia mwenyewe, usije ukasikia barazani. Kesho naleta hoja. Wabichi wote wa ukoo wako waage kabla ya mbiu."

Kidawa aliweka chini kazi aliyokuwa akiishona. "Wa ukoo wangu amebaki mmoja, Mzee wangu. Ni huyu anayekula kashata yako."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja na miguu yangu." Alimtazama Tunu, akatazama pembeni. "Si chuki, mwanangu. Ni hesabu."

Alipoondoka, Tunu aliuliza, "Nimekosa nini?"

"Hujakosa."

"Sasa?"

"Wanaona unaweza kukosa."

"Kwani yeye hawezi?" Kidawa akaishika tena kazi yake, na kashata iliyobaki Tunu akaiweka dirishani.

Baraza lilikaa asubuhi, kileleni, chini ya kiti cha Bi Mize. Bi Mize alikuwa mbanaji na mwenyekiti. Mtu akizungumza zaidi ya haja, alimbana bega, naye akanyamaza. Bi Raya aliwekwa kwenye kigoda cha wageni, katikati ya walinzi wawili waliokuwa wakimtazama yeye peke yake.

Mzee Sadifa alisema vizuri. "Mambo mawili yanajulikana. Mbichi hutoa mapacha wengi, na katika wengi ndimo makosa huzaliwa. Ukoo wa Sindano Moja hauna akiba ya kuyashona. Yaweke pamoja. Mbiu i karibu, na ikilia, Tunu mmoja atakuwa ukumbi mzima wa Tunu kabla jua halijachwa. Nani kati yenu atalala? Waliokwisha kushika kazi hatuna wasiwasi nao. Sheria yasema, mwenye kazi hana shaka."

"Mwenye kazi hana shaka," waliitikia wakamuaji.

Kidawa alisimama. "Mzee wangu amesema kweli mbili, akazaa uongo mmoja."

"Anza!" alidakia mkamuaji wa mbele.

"Naanza. Mbiu ikilia mapema, wabichi wakaiva mapema, nchi huwa salama zaidi. Ni kweli. Lakini ni kweli ya hesabu ya wengi, na usalama huo huja baada ya miaka. Miaka ya mwanzo baada ya mbiu, hatari hupanda kidogo, hasa mbiu ikichelewa. Kwa nini? Kwa sababu mbiu haichagui. Humzidisha mzima, humzidisha na mwenye kasoro. Nanyi mnataka tuipokee bila kumtazama mtu hata mmoja kati ya walioiva. Nimewashonea watu waliobaki wabichi mpaka uzee, na siku ya kuaga ukili wao ukakutwa mzima. Na namjua mwenye kazi mmoja anayeanza kusahau kazi yake."

"Nani huyo? Mtaje!"

"Nimtajeje? Nimemwona anavyokwenda, sijauona mshipi wake. Mlinikataza kumfungua."

Kicheko kilipita safu ya wabanaji, kifupi, kama kikohozi.

Mkamuaji wa mbele hakukubali. "Kosa ni la wabichi wenyewe! Wangeiva mapema kama sisi, nani angewasema?"

"Waive kwa kutaka?" Kidawa alimgeukia. "Wewe ulijiivisha mwenyewe? Mbiu anaipuliza nani, ni Tunu?"

"Hilo halihusu..."

"Linahusu. Mnamhukumu mtu kwa mbiu ambayo haikumlilia."

Bi Mize alimbana mkamuaji bega, naye akakaa. Kisha mwenyekiti akamwelekezea kidole Bi Raya. "Mgeni naye aseme. Yeye ndiye mshukiwa wetu wa kudumu, pengine anajua jambo."

Bi Raya aliinuka. Walinzi wakainuka naye.

"Kwetu uasi huu upo," alisema. "Mama yangu mkubwa alizaa saba. Kwetu mimba ndiyo mbiu; wa kwanza alimpata akiwa bado binti mdogo, na wote aliwanyonyesha. Kwa hesabu yenu, na hata ya wataalamu wetu, huyo alikuwa upande wa salama. Uasi ulimpata. Matangani wanawake walitafuta kosa lake mpaka chai ikaisha: labda hakunyonyesha sawasawa, labda kuna mimba aliificha. Jirani yake hakujaliwa mtoto hata mmoja, na mpaka leo, na miaka yake themanini, anauza mbaazi. Mimi siipingi hesabu ya wengi. Nimeitumia maisha yangu yote. Ilinionyesha soko gani nilitembelee mara nyingi zaidi. Haikuniambia kamwe uzito wa jiwe lililo mbele yangu. Hilo nililiinua mwenyewe. Kwetu husemwa, kikulacho ki nguoni mwako."

Wajumbe walitazamana. "Sisi hatuna nguo," alisema mmoja kwa upole. "Tuna ukili tu."

"Basi mmefika karibu zaidi na maana yake kuliko sisi."

"Unashauri nini?" aliuliza Bi Mize.

"Mkague mishipi. Ya Tunu, na ya kila mtu."

Ghasia iliyofuata ilidumu muda mrefu. Wakamuaji walifunika viuno vyao kwa mikono kana kwamba wamekwisha kufunguliwa. Mmoja alisema bora uasi kuliko aibu, na watu kadhaa walimpigia makofi. Mzee Sadifa alisimama, midomo imempauka. "Mimi? Msikizi? Nifunguliwe kama mzigo wa kuni?"

"Tunu umempangia kufunguliwa moja kwa moja, Mzee wangu," alisema Kidawa. "Wewe utafungwa tena."

Bi Mize aliwabana mabega watu sita mmoja baada ya mwingine, kukawa kimya. Kisha alitoa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa. "Itatandazwa shuka. Mtu ataingia nyuma yake. Mshonaji wa ukoo mwingine atakagua, pasiwe na upendeleo. Mgeni atashika ncha, maana hana jirani wa kumsimulia. Kinachoshoneka kitashonwa. Kisichoshoneka, mwenyewe ataaga, mbichi au aliyeiva. Wanaokubali?"

Wabanaji wote waliinua mikono, na mikono yao ni minene. Hoja ikapita.

Njiani kurudi, walipofika kwenye utanzu wao, Tunu alimgeukia Kidawa. "Dada, kama angeachiwa Mzee Sadifa, ningeaga bila kukaguliwa. Sasa nitakaguliwa. Wakikuta kitu?"

"Kitashonwa."

"Kisiposhoneka?"

Kidawa alisimama akajifanya anaondoa kijiwe unyayoni. "Mimi ndiye niliyeomba ukaguzi," alisema. "Nisingeomba kitu ninachokiogopa kuliko hoja ya yule mzee."

"Unaogopa?"

"Tembea, Tunu."

Ukaguzi ulianzia kwenye ua wao, na wa kwanza kuitwa alikuwa Tunu. Kidawa aliachwa nje ya shuka. Ndani waliingia watatu: Tunu, Bi Raya, na mshonaji wa ukoo wa mbali, mwanamume mnene aliyekuwa akivuma wimbo puani kila akifanya kazi. Tunu alifumba macho, akaufungua mshipi kwa mikono yake mwenyewe. Bi Raya alishika ncha. Ukindu ukaanza kupita vidoleni mwa mshonaji, polepole, nakshi kwa nakshi, na wimbo ukivuma.

Kwenye nakshi ya kuacha, wimbo ulikatika.

Bi Raya aliona alichokiona mshonaji. Ukindu mmoja ulikuwa umetoka mahali pake. Nje ya shuka, kivuli cha Kidawa kilisogea karibu, kikasimama.

"Umekatika?" Bi Raya aliuliza kwa sauti ya chini.

Mshonaji alilowesha kidole, akaufuata ukindu ule mpaka ulikoanzia, akaugeuza, akauinua kwenye mwanga. "Haukukatika. Umechomoka. Mshonaji wake aliuwahi siku ya kwanza, ukateleza baadaye." Akatoa sindano. Aliupitisha ukindu chini, juu, chini, akauvuta, akajaribu kuuchomoa kwa kucha, ukakataa. Kisha akaanza kuvuma tena, kutoka pale alipouachia wimbo.

Kivuli cha Kidawa kilichutama chini, kikabaki hivyo.

"Nimepona?" Tunu aliuliza, macho bado yamefumba.

"Hukuwa mgonjwa," alisema mshonaji. "Ulikuwa na ukindu uliochomoka. Ukaguliwe tena ukitoa mapacha. Vaa, binti, wengine wanangoja."

Wengine waliingia. Wabanaji walisimama mstari bila neno. Mkamuaji wa mbele aliomba akaguliwe gizani, akaambiwa gizani hakuonekani kitu, akaingia akiwa amejifunika uso kwa kiganja, na ukili wake ukakutwa mzima. Alitoka akitembea kama bwana harusi, na kuanzia hapo akawa anawahimiza waoga. "Ingia bwana, dakika tu! Huli aibu ukashiba."

Mzee Sadifa aliingia wa mwisho. Aliukunjua mshipi wake mwenyewe, kwa heshima, kama mtu anayekunjua bendera. Nakshi za kusikia zilikuwa safi. Za kusema zilikuwa safi. Mahali palipopaswa kuwa na nakshi isemayo msikizi hatoi pacha, palikuwa na nyuzi tupu, na nyuzi zenyewe zilikuwa zimelika pande zote mbili, hazina cha kushikia.

Mshonaji alimwita Kidawa. Kidawa akatazama. Wote wawili wakatazama tena.

"Mzee wangu," alisema Kidawa, "una pacha?"

"Ninaye mmoja." Mzee aliukunja mshipi wake kidogo. "Wawili."

"Tangu lini?"

"Mbiu ya mwisho." Alikuwa akikitazama kitambaa cha shuka. "Nyinyi hamjui. Mbiu ikilia, naisikia peke yangu. Nawaambia, nanyi mnakimbilia kazi, ua unajaa kelele, kila mtu na mwenzake. Mimi nabaki na sikio. Siku moja nilivuta pumzi, akatoka mtu wa kuzungumza naye, nikamsukia ukili mwenyewe. Sikuona ubaya. Yule naye akataka wa kwake."

Mapacha hao waliwakuta nyuma ya chumba chake. Walikuwa na adabu zake zote, na waliwaitikia wageni salamu. Mmoja alikuwa akizungumza. Wa pili alikuwa ameuegemea ukuta wa nje, akiukwaruza kwa ukucha mahali pamoja, taratibu, bila kukusudia, kama mtu anayekuna kidonda. Bi Raya alipapima kwa kidole: kishimo kilikuwa na kina cha ukucha. Ukuta ulikuwa bado mzima.

Watu walikuwa wamekusanyika uani. Kidawa alikuwa na neno mdomoni, lile la sheria, mwenye kazi hana shaka, na kila mtu alilisubiri. Hakulisema. Alimletea Mzee Sadifa kigoda.

"Hakishoneki?" mzee aliuliza.

"Hakishoneki."

Alitikisa kichwa. "Hoja yangu haikuwa mbaya. Niliifikisha kwa mtu siye."

"Ilikuwa mbaya, Babu," alisema Tunu.

"Haya, ilikuwa mbaya. Sikukuuliza hata siku moja kama unaogopa."

"Niliogopa."

Aliketi kizingitini, mapacha wake mmoja kulia, mmoja kushoto. Bi Mize alikuja, akasimama pembeni na mikono yake, hakumbana mtu. Waimbaji walikuwa wamekwisha kushika sauti ya kwanza pale Mzee Sadifa alipoinua kiganja. Waliacha. Alikuwa ameligeuza sikio lake la kushoto kuelekea ng'ambo ya ukuta.

"Ngojeni," alisema.

Hakuna mwingine aliyesikia kitu. Bi Raya alisikia kuku tu.

"Tunu. Njoo hapa." Tunu alikuja akapiga magoti mbele yake. "Mbiu imelia."

"Una hakika, Babu?"

"Mimi ni msikizi wa ua huu mpaka nitakapofungua mshipi. Imelia. Nenda kazini, mwanangu."

Tunu aliishika mikono yake miwili, akaiachia, akaenda. Mzee Sadifa alifungua ukili wake. Mapacha wake walimtazama, wakafungua wao. Wimbo ulianza upya, na safari hii hakuna aliyekuwa akitafuna kitu. Kilichobaki Bi Mize alikichota mwenyewe, akakipaka kwenye kile kishimo cha ukutani, akakisawazisha kwa gumba lake.

Ndani, Tunu alikuwa ameketi akivuta pumzi ndefu, na mapacha wakatoka mmoja baada ya mwingine, wote wakiuliza maswali. Kidawa alisuka. Mshonaji mnene alikagua kila mshipi nyuma ya shuka kabla ya kufungwa, akivuma. Miwili ilirudishwa, ikashonwa, ikakaguliwa tena, ikapita. Hakuna aliyelalamika juu ya aibu, ila pacha mmoja aliyesema mikono ya mshonaji ni baridi.

Kufikia jioni Tunu alikuwa ameiva. Alikaa mahali pake katika safu ya ndani, akaacha maneno, akakamua. Nyuma yake wabanaji walibana. Tone la kwanza, jeupe, lilitoka chini ya mkono wake, likaingia kwenye mfereji mkavu, likaanza kupanda.